Matumbawe, Chokaa na Kalsiamu ya Tangini

Ukisikia neno chokaa, bila shaka fikira zako huenda kwenye mistari myeupe ya uwanja wa mpira siku ya michezo, au kwenye yale mawe ya kando ya njia yanayopakwa rangi nyeupe wakati mgeni wa heshima anapotarajiwa shuleni. Mkulima wa bara atakumbuka unga anaomwaga shambani udongo unapokuwa na asidi nyingi. Mtu wa pwani naye atakumbuka kuta nene za nyumba za kale za Lamu. Ni wachache mno watakaofikiri juu ya tangi la kioo lililojaa maji ya bahari, limewekwa sebuleni, na ndani yake mna samaki wa rangi pamoja na matumbawe yaliyo hai. Hata hivyo, tangi la namna hiyo haliwezi kudumu bila kalsiamu, na kalsiamu na chokaa ni mtu na nduguye.

Huku kwetu matangi kama hayo ni nadra kuyaona majumbani. Yamejaa Ujerumani, Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba. Mimi niliyajua kwa sababu ya swali. Dada yangu, binti wa mama mkubwa, anafanya kazi ya nyumbani mjini Dubai, na mwajiri wake ana tangi la lita 300. Kila jioni dada hujaza mtungi maji ya chokaa, nayo hudondoka tangini tone baada ya tone usiku kucha. Ameambiwa kwamba baadhi ya vipande vya tumbawe vilivyomo mle bei yake ni zaidi ya mshahara wake wa mwezi, kwa hiyo asithubutu kukosea. Siku moja alipiga simu nyumbani akaniuliza, "Hivi wewe si ndiye unayesoma kemia? Hebu niambie, hii chokaa ninayowadondoshea hawa wadudu ni ya nini?" Nililipeleka swali lake kwa mwalimu wetu wa kemia, naye hakunijibu moja kwa moja, ila alinipa chupa ya maji ya chokaa na mrija, kisha akanituma maktaba. Haya ndiyo niliyoyapata.

TUMBAWE NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Wengine husema ni mmea wa baharini kwa sababu lina matawi. Ukweli ni kwamba tumbawe ni mnyama, tena si mmoja bali ni maelfu ya wanyama wadogo wanaoishi pamoja wameshikana. Kila mmoja ana mdomo na minyiri midogo iliyouzunguka mdomo huo, mfano wa pweza mdogo aliyepinduliwa miguu juu. Ndani ya nyama yake mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwangaza kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake, naye mwenyeji huupa makao. Ndiyo sababu matangi haya huwashwa taa kali mchana kutwa.

Lile jiwe tunaloliona ni nyumba ya wanyama hao. Mnyama huchukua kalsiamu kutoka majini, akaiunganisha na kabonati, pia kutoka majini, akapata kalsiamu kabonati, yaani jiwe lenyewe. Hulijenga chini yake kila siku, naye akipanda juu kadiri jiwe linavyokua. Aina ya matumbawe yenye matawi huweza kurefuka kwa sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Yale ya mviringo, yanayoitwa Porites kwa jina la kisayansi, huongezeka kwa kadiri ya sentimita moja tu kwa mwaka. Mafundi wa zamani wa pwani yetu walipenda kuchonga mihirabu na mapambo ya milango kwa Porites, kwa kuwa likitolewa baharini huwa laini, kisha hukauka na kuwa gumu. Basi ukiona jiwe la namna hiyo lenye unene wa sentimita 30, ujue unatazama kazi ya miaka 30 hivi.

HESABU YA JIWE

Sasa hebu tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo siri inapoanza kufichuka. Katika kila gramu 100 za kalsiamu kabonati, gramu 40 ni kalsiamu. Lita moja ya maji ya bahari ina kalsiamu ya miligramu 420 hivi, yaani chini ya nusu gramu. Kwa hiyo tumbawe likitaka kujenga jiwe la gramu 100, linahitaji kalsiamu yote iliyomo katika lita 95 za maji ya bahari.

Baharini hilo si tatizo. Bahari ni kubwa, na mawimbi huleta maji mapya kila saa. Lakini tangi la lita 300 ni bahari ya namna gani? Ni ndoo kumi na tano tu. Wanyama wamo mle mle wakijenga usiku na mchana, na hakuna mto unaoingia wala wimbi linalopiga. Ni kama familia inayochota kwenye pipa moja bila mtu wa kwenda kisimani. Mwenye tangi ndiye sharti awe kisima.

KALSIAMU NA MWENZAKE

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza: kalsiamu inapungua, basi itiwe kalsiamu. Kumbe sivyo. Jiwe la tumbawe lina pande mbili, kalsiamu na kabonati, na upande huu wa pili ndio unaowaponyoka watu. Wafugaji huupima kwa kitu wanachokiita alkalini, yaani ule uwezo wa maji kuzima asidi, ambao katika maji ya bahari hutokana hasa na baikabonati na kabonati. Kipimo chake cha kawaida ni digrii za Kijerumani, ambazo kifupi chake ni dKH. Maji ya bahari yana digrii 7 hivi. Wenye matangi wengi huyaweka maji yao kati ya digrii 7 na 11.

Kanuni yenyewe ni hii: kila matumbawe yakitumia miligramu 20 za kalsiamu katika lita moja, alkalini nayo hushuka kwa digrii 2.8. Haibadiliki, kwa sababu jiwe lenyewe halibadiliki. Tuchukue tangi ambalo matumbawe yake hutumia miligramu 6 za kalsiamu katika kila lita kwa siku. Tuseme tumeanza na kalsiamu 420 na alkalini digrii 8, kisha tukakaa siku tano bila kuongeza chochote. Kalsiamu itakuwa imeshuka hadi 390. Hiyo bado ni nzuri, hakuna tumbawe litakalolalamika. Lakini alkalini itakuwa imeshuka kutoka 8 hadi 3.8. Imepungua zaidi ya nusu! Kwa kweli kabla ya kufika huko matumbawe yenyewe huanza kupunguza ujenzi, na mengine hudhoofika na kufa.

Mfano wake ni wa fundi anayejenga nyumba. Ameletewa mchanga lori zima na mifuko mitano tu ya saruji. Saruji ikiisha, kazi husimama, hata kama mchanga umejaa uani kama mlima. Sasa mwenye nyumba akija na kuagiza lori jingine la mchanga, je, kazi itaendelea? Kalsiamu ni mchanga na alkalini ni saruji. Kila mtu huzungumza juu ya kalsiamu, lakini inayokwisha kwanza ni mwenzake.

Yuko na wa tatu, naye ni magnesiamu. Katika maji ya bahari ni miligramu 1300 hivi kwa lita, karibu mara tatu ya kalsiamu. Huyu kazi yake kubwa ni ya uamuzi. Kalsiamu na kabonati zikiwa pamoja majini hutaka kushikana zenyewe na kuanguka chini kama vumbi jeupe kabla tumbawe halijazitumia. Magnesiamu hujibandika juu ya chembe za vumbi hilo zikiwa bado changa na kuzizuia kukua. Mtu akiona anaongeza kalsiamu na alkalini kila siku na hazipandi, na apime magnesiamu kwanza.

JARIBIO LA MRIJA

Mtu asidhani haya ni mambo ya matajiri wa ng'ambo tu. Kemia yote ya tangi hili inaweza kuonekana katika maabara yetu kwa dakika chache. Chukua maji safi ya chokaa katika neli ya kioo, uyapulizie pumzi kwa mrija. Angalia tu usiyavute mdomoni, kwa maana yanachoma, na vaa miwani ya maabara.

Kwanza maji yatakuwa meupe kama maziwa. Hii ni kabonidayoksaidi ya pumzi yako imekutana na chokaa, ikawa kalsiamu kabonati:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Weupe ule ni kitu kile kile kilicho katika jiwe la tumbawe, ni vile tu haukupata mnyama wa kuupanga.

Wanafunzi wengi huachia hapo, wakaandika daftarini na kwenda zao. Wewe endelea kupuliza. Baada ya muda utaona weupe unafifia na maji yanarudi kuwa safi. Jiwe limeyeyuka! Kabonidayoksaidi ilipozidi iliyafanya maji yawe na asidi kidogo, na kalsiamu kabonati ikageuka kuwa kalsiamu baikabonati, ambayo huyeyuka majini. Sasa yachemshe maji hayo. Gesi itatoka na weupe utarudi. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai katika sehemu zenye maji ya chumvichumvi umetokana na jambo hilo hilo.

Weka mambo hayo mawili akilini, yaani gesi kidogo hujenga jiwe na gesi nyingi huliyeyusha, kwa sababu njia zote za kulisha tangi zimetoka hapo.

KUPIMA KABLA YA KUTIA

Mwenye busara hapimi kwa macho. Matangi haya hupimwa kwa vifaa vinavyofanana sana na titresheni tunayoifanya katika maabara. Unachukua maji kidogo ya tangi, unatia kiashiria, kisha unadondosha dawa huku ukihesabu, hadi rangi igeuke. Katika kipimo cha kalsiamu rangi hutoka waridi ikawa samawati. Idadi ya matone ndiyo jibu lako.

Kabla ya yote hupimwa chumvi. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila kilo. Ikiwa mtu amezidisha maji matamu na chumvi imeshuka, basi kalsiamu, alkalini na magnesiamu zote zitaonekana zimeshuka, na hapo dawa ni kurekebisha chumvi, wala si kumwaga kalsiamu. Baada ya chumvi huja alkalini, kwa kuwa ndiyo inayoyumba upesi, kisha kalsiamu, ambayo wengi huiweka kati ya 380 na 450, na magnesiamu mara moja moja. Tena hupimwa saa ile ile ya siku, na majibu huandikwa daftarini. Kipimo kimoja hukuambia ulipo tu. Vipimo vya wiki nzima ndivyo vinavyokuambia matumbawe yako yanakula kiasi gani kwa siku, na hicho ndicho kiasi cha kurudisha.

NJIA ZA KURUDISHA

Njia ya kwanza ni kubadilisha maji. Mtu huondoa sehemu ya maji na kutia mapya yenye chumvi na madini. Ni njia nzuri kwa tangi lenye matumbawe laini yasiyojenga jiwe kubwa. Lakini hesabu yake ni ndogo. Kalsiamu ikiwa 350, nawe ukabadilisha sehemu moja katika kumi kwa maji mapya yenye 420, utafika 357 tu.

Njia ya pili ni ile ya dada yangu, maji ya chokaa. Ilipata umaarufu miaka ya 1970 kwa kazi ya mfugaji na mwandishi Peter Wilkens, na mpaka leo wafugaji wa dunia nzima huyaita maji hayo kwa Kijerumani, Kalkwasser, maana yake maji ya chokaa basi. Hata jina kalsiamu lenyewe, ambalo Humphry Davy wa Uingereza alilitoa mwaka wa 1808 alipofaulu kuitenga madini hiyo, limetokana na neno la Kilatini calx, yaani chokaa. Njia hii hupendwa kwa sababu inarudisha pande zote mbili kwa kipimo sawa. Chokaa huleta kalsiamu, na upande wake wa pili hunasa kabonidayoksaidi iliyo majini na kuigeuza baikabonati. Mchanga na saruji vimekuja kwa lori moja.

Lita moja ya maji ya chokaa yaliyokolea huwa na kalsiamu ya miligramu 800 hivi. Lile tangi la lita 300 linalotumia miligramu 6 kwa lita linahitaji miligramu 1800 kwa siku. Gawanya, utapata lita mbili na robo. Na kwa kuwa kila siku maji fulani ya tangi hukauka kwa joto la taa na huhitaji kujazwa, basi yale maji ya kujazia ndiyo hutiwa chokaa, ukaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Masharti yake ni haya. Chokaa iwe safi kabisa, iliyozimwa, si ile ya mjenzi ambayo huenda ina vitu vingine. Maji yawe yaliyochujwa na yasiyo na chumvi. Gramu 2 kwa lita zinatosha na kubaki, kwa sababu chokaa huyeyuka kidogo sana, na ajabu ni kwamba huyeyuka zaidi katika maji baridi kuliko moto. Kinachobaki chini ya mtungi kisikorogwe wala kumwagwa tangini. Mtungi ufunikwe, la sivyo hewa itaingia na kufanya utando mweupe juu, na nguvu itapotea, kama ulivyoona katika jaribio la mrija. Macho na mikono vilindwe, kwa kuwa pH ya maji hayo ni zaidi ya 12, wakati pH ya bahari ni 8.1 hivi. Sharti kubwa kuliko yote ni kuyadondosha polepole. Usiku ndio wakati mzuri, maana mwani haufanyi kazi gizani, kabonidayoksaidi huongezeka majini na pH hushuka, na chokaa huja kuiinua. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kikijazwa kwa mkupuo mmoja hupasuka.

Njia ya tatu ni ya chupa mbili. Moja ina kalsiamu kloraidi na ya pili ina soda, ama baikabonati ambayo ndiyo bekingi soda ya jikoni (si bekingi pauda!), ama kabonati. Hutiwa kwa kiasi kinacholingana, lakini kila moja kwa wakati wake na mahali pake penye maji yanayokwenda kasi. Faida yake ni kwamba hupimika kwa urahisi. Kasoro yake ni kuwa huacha chumvi ya kawaida majini, kwa hivyo kiasi cha chumvi hupanda kidogo kidogo na lazima kiangaliwe.

Njia ya nne ni ya wenye matangi makubwa. Vipande vya matumbawe yaliyokufa zamani hujazwa katika mtungi, maji ya tangi hupitishwa humo, na kabonidayoksaidi hupulizwa ndani mpaka pH ishuke hadi 6.5 hivi. Jiwe huyeyuka na kurudi tangini. Hapa ni kile kipande cha pili cha jaribio letu, ulipoendelea kupuliza. Jiwe la tumbawe lililokufa linakuwa jiwe la tumbawe lililo hai.

KILICHOTOKEA DUBAI

Elimu hii ilimfaa dada mapema kuliko nilivyotarajia. Jioni moja mwajiri alipima akakuta kalsiamu ni 360 na alkalini 7. Akaona ataimaliza kazi usiku huo huo. Akamwaga gramu 100 za kalsiamu kloraidi, na kabla hazijasambaa akamwaga gramu 100 za kabonati ya soda, pale pale kwenye kona moja. Maji yakageuka meupe, samaki hawakuonekana. Asubuhi vumbi jeupe lilikuwa limetanda juu ya mchanga na pampu imeshika ukoko. Alipopima tena, kalsiamu ilikuwa 320 na alkalini 6.4, chini kuliko alipoanzia. Lawama ikamwangukia dada: ati amezidisha chokaa yake.

Dada alinipigia akilia, kwa maana zilitajwa pesa za kukatwa kwenye mshahara. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Mtungi wake una alama za lita, na maji yalipogeuka meupe ilikuwa imedondoka lita moja tu. Lita moja ni miligramu 800 za kalsiamu, ambazo katika lita 300 si zaidi ya miligramu 3 kwa lita. Zile gramu 100 za kloraidi zilikuwa za kupandisha kalsiamu kwa miligramu 90 hivi kwa mpigo mmoja, na soda ilikuwa ya kupandisha alkalini kwa digrii 17 na zaidi. Vitu hivyo vikikutana kwenye kona moja haviwezi kungoja tumbawe. Vilishikana vyenyewe vikaanguka, na kama wafanyavyo mara ujenzi huu usio na mjenzi unapoanza, vikavuta na vingine vilivyokuwamo. Kwa hesabu yetu, karibu gramu 100 za unga wa jiwe zilikuwa zimelala juu ya mchanga.

Dada aliandika hesabu hiyo kwenye karatasi, akamwekea mwajiri mezani pamoja na chai. Hakusema neno. Mwajiri aliisoma mara mbili, akaenda kuutazama ule mtungi wenye alama. Mshahara haukukatwa. Alkalini ilipandishwa kwa digrii moja tu kwa siku, kalsiamu ikafuata taratibu, na sasa daftari la vipimo linawekwa na dada mwenyewe.

NA BAHARI YETU JE?

Kuna jambo la mwisho, nalo linatuhusu sisi tusio na tangi. Baharini kalsiamu ipo tele na haitakwisha. Kinachosumbuliwa ni mwenzake. Moshi wa magari, viwanda na mitambo ya umeme ya dunia nzima umeongeza kabonidayoksaidi hewani, na sehemu kubwa yake huingia baharini. Tangu viwanda vianze, pH ya uso wa bahari imeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1 hivi. Tarakimu hizi zaonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba asidi imeongezeka kwa zaidi ya robo. Jumla ya alkalini haijapungua, ila imegeuzwa sura: kabonati, ambayo ndiyo ya kujengea, inakuwa baikabonati. Kwa ufupi, dunia nzima inapuliza kwenye mrija mmoja, nasi tumeona kwenye neli ya kioo nini hufuata mtu asipoacha kupuliza.

Joto nalo limeongeza msiba. Mwaka wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yaliufukuza ule mwani wao, yakawa meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikafa. Ikumbukwe kuwa samaki wengi wa mvuvi wetu wa kawaida, tafi na changu, hukaa au hukulia karibu na miamba hiyo. Mwamba ukifa, jikoni kutajua.

Basi tufanye nini? Hakuna mtungi wa kudondoshea bahari nzima chokaa. Tunaloweza ni kutovunja kilichopo. Katika mbuga za baharini kama Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, huruhusiwi kuvua wala kuokota hata kombe. Wavuvi wa Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi walijitengea eneo lao wenyewe wakaacha kuvua humo, na mwaka wa 2017 wakapata Tuzo ya Equator. Matumbawe magumu yote yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Hata wafugaji wa ng'ambo walio waangalifu siku hizi hukata vipande vya matumbawe ya matangini na kuvipanda upya, kama tunavyopanda mihogo, badala ya kuagiza kutoka baharini. Kwa hiyo ukienda pwani na wenzako, usivunje tawi la tumbawe ati ukawaonyeshe watu nyumbani, na usimnunue yule anayekuuzia ufukweni. Kumbuka hesabu ya lita 95.

Nawaalika wanachama wa chama chetu, na hasa wale wa kidato cha kwanza wanaoiogopa kemia, waombe mrija na maji ya chokaa katika kipindi kijacho cha maabara. Wapulize mpaka maji yawe meupe, kisha wasiachie hapo, waendelee kupuliza.